Mwalimu, Fundi na Mtunza Nyaraka: Historia ya Viola na Suala la Kugharimia Ala za Nyuzi katika Ukanda Wetu

Utangulizi

Katika familia ya ala za nyuzi zipigwazo kwa upinde, viola ndiyo iliyochelewa kupata heshima. Kwa sura inafanana na fidla, ila ni kubwa kidogo na sauti yake ni nzito zaidi. Nyuzi zake nne, yaani C, G, D na A, ziko hatua tano chini ya zile za fidla, na noti zake huandikwa kwa ufunguo wa C ambao wapigaji wengi wa ala nyingine hawauzoei. Tukiacha kazi chache kama Harold en Italie ya Berlioz (1834), kwa muda mrefu ala hii ilitumika kujaza sauti za kati katika okestra, na aghalabu ilikabidhiwa wapiga fidla ambao hawakung'ara. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyobadilika katika karne ya 20. Hoja yetu ni kwamba ala haistawi kwa kugawiwa wanafunzi tu. Hustawi pale ufundishaji, uundaji na utafiti vinapogharimiwa pamoja.

Tatizo la umbo

Chanzo cha unyonge wa viola ni cha kifizikia. Kisanduku cha sauti cha fidla kina urefu wa takriban sm 35.5. Ili viola itoe sauti zake za chini kwa nguvu ile ile, kisanduku chake kingepaswa kuwa kirefu mara moja na nusu, yaani sm 53 hivi. Hakuna mkono wa kawaida unaoweza kuishikilia ala ya ukubwa huo begani. Kwa hiyo kila viola ni maafikiano: nyingi zina urefu wa kati ya sm 38 na 44, na kila fundi huamua mwenyewe ni kiasi gani cha sauti atakitoa kafara kwa ajili ya mkono wa mpigaji. Ndiyo maana vipimo vya fidla vilitulia zamani ilhali vya viola havijatulia hadi leo.

Aliyeliona tatizo hili kwa ukamilifu wake ni Mwingereza Lionel Tertis (1876–1975). Alikuwa mpigaji na mwalimu katika Royal Academy of Music ya London. Miongoni mwa waliofunzwa naye ni Rebecca Clarke, ambaye sonata yake ya mwaka 1919 imekuwa nguzo ya mitalaa ya viola. Tertis aliwasihi watunzi wa wakati wake waiandikie ala hii, na Vaughan Williams akamtungia Flos Campi (1925). Hakuwa mwenye hekima kila mara: koncheto ya William Walton aliikataa, ikapigwa kwa mara ya kwanza na Paul Hindemith mwaka 1929, kisha Tertis mwenyewe akaja kuikubali na kuipiga.

Yeye alitumia viola ya kale iliyoundwa na Montagnana, yenye urefu wa zaidi ya sm 43. Maumivu ya mkono yalimlazimu kustaafu jukwaani mwaka 1937. Hapo ndipo alipomgeukia fundi, Arthur Richardson wa Crediton, Devon, wakabuni kielelezo cha viola yenye urefu wa sm 42.5, kilichokusudiwa kubaki na sauti nzito bila kumchosha mpigaji. Mafundi wa nchi mbalimbali walikifuata. Wapo wasiokipenda kielelezo hicho, lakini jambo la kuzingatia ni kwamba swali la mwalimu lilipata jibu katika karakana.

Utafiti ulifuata baadaye. Mwaustria Franz Zeyringer alikusanya orodha ya kazi zilizoandikwa kwa ajili ya viola, akaichapisha mwaka 1963 na kuipanua baadaye. Maelfu ya kazi zilizosahauliwa zikapatikana tena, na dhana kwamba viola haina muziki wake ikapoteza mashiko. Huko Provo, Utah, Chuo Kikuu cha Brigham Young kina hifadhi ya viola yenye jina la William Primrose, mpigaji aliyemwomba Bartók koncheto yake ya mwisho.

Upande wetu

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Jumuiya imepata mfano muhimu: Okestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994. Mwanzoni wanafunzi walipokezana fidla chache, na waya za breki za baiskeli zilitumika badala ya nyuzi zilizokatika. Filamu ya mwaka 2010 kuhusu okestra hiyo inamwonyesha mwanachama mmoja akiunda besi kwa mikono yake. Wengi husimulia habari hii kama kisa cha uvumilivu. Sisi tunaisoma kama ushahidi wa pengo la karakana.

Pengo hilo lina maelezo ya kiufundi. Ala hizi huunganishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo kwa makusudi huachia pale unyevu wa hewa unapobadilika, ili ubao wenyewe usipasuke. Fundi aliyefunzwa huufunga tena mwanya huo bila shida kubwa. Asipokuwapo, ala huwekwa stoo au hupakwa gundi ya seremala isiyoachia, na msimu wa kiangazi unapofika ubao hupasuka. Mradi unaopokea viola kumi za msaada bila fundi, kwa maoni yetu, umepokea ala za miaka michache tu.

Lugha nayo imo. Kiswahili kina fidla, zeze, udi na gambusi, lakini viola mara nyingi huitwa "fidla kubwa" au fidla tu. Karani anayeagiza nyuzi kwa jina hilo ataletewa nyuzi za fidla, ambazo ni fupi na nyepesi mno kwa viola. Tunapendekeza istilahi za ala hizi na sehemu zake zisanifiwe na mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama kwa kushirikiana na walimu na mafundi. Vilevile, kila bajeti ya ununuzi au mapokezi ya ala itenge fungu la nyuzi za akiba, mafunzo ya fundi mmoja angalau, na uhifadhi wa noti za tungo za watunzi wa ukanda huu. Fungu la fundi litangulie, kwa sababu mafunzo yake huchukua miaka, ilhali ala zenyewe hufika kwa meli moja.