Kupanda Kilimanjaro kwa hisani: Miguu inaandaliwaje, michango inakusanywaje?

Kutangaza ni rahisi. Mtu anaweka picha ya Mlima Kilimanjaro kwenye status, anaandika kwamba atapanda kuchangia watoto yatima au wagonjwa, anaweka namba ya simu chini, na "hongera" zinaanza kumiminika.

Kazi inaanza kesho yake. Mwili uliozoea kiti cha ofisi na daladala unatakiwa kutembea siku sita au saba mfululizo. Na wale waliosema hongera wanatakiwa kutoa pesa.

Hivi ndivyo mambo hayo mawili yanavyoandaliwa, na kwa nini yakichanganywa vibaya yanaweza kumuumiza mpandaji na hata wale anaowachangia.

Si jambo jipya

Mfano unaojulikana zaidi Tanzania ni Kili Challenge. Kampeni hiyo ilianzishwa mwaka 2002 na mgodi wa dhahabu wa Geita, na sasa inaendeshwa kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS). Kila msimu kundi moja hupanda mlima kwa miguu na jingine huuzunguka kwa baiskeli. Fedha huenda kwenye mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI. Miongoni mwa walionufaika ni kituo cha watoto cha Moyo wa Huruma, Geita.

Umuhimu wa michango ya ndani ulionekana zaidi Januari 2025, Marekani iliposimamisha kwa muda misaada yake ya nje. Huduma nyingi za VVU Afrika zilikuwa zikitegemea fedha hizo.

Kenya nako, mwaka 2012 Zack Kimotho, anayetumia kiti cha magurudumu, aliondoka Nairobi kuelekea Afrika Kusini. Alikuwa anachangisha fedha za kujenga kituo cha kuwahudumia watu walioumia uti wa mgongo. Wakenya walimfuatilia kilomita kwa kilomita huku wakituma michango kwa simu.

Matembezi ya namna hii yana nguvu kwa sababu hiyo hiyo. Safari ya siku moja inaisha kabla watu hawajaisikia. Ya siku nyingi inampa mchangiaji muda wa kufuatilia, kuguswa na kutuma.

Njia ikoje?

Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Mpandaji haruhusiwi kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa.

Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala: Mandara, Horombo na Kibo. Njia ya Machame ni ya mahema na ina urefu wa takriban kilomita 60 kwenda na kurudi.

Kilomita 60 kwa siku sita zinaonekana chache. Tatizo ni mwinuko. Lango la Machame liko karibu mita 1,800. Usiku wa kwanza hulaliwa karibu mita 2,800 na wa pili karibu 3,800. Siku ya tatu kundi hupanda hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha linashuka kulala Barranco, karibu mita 3,900.

Kupanda juu na kushuka kulala chini kunaupa mwili nafasi ya kuizoea hewa nyepesi. Ndiyo maana njia ya siku saba ni salama kuliko ya siku tano, hata kama ni ghali zaidi.

Usiku wa mwisho ndio mtihani. Safari huanza karibu saa sita usiku kutoka Barafu, baridi ikiwa chini ya sifuri. Kileleni mtu anapata karibu nusu ya oksijeni anayoipata Dar es Salaam. Na akifika bado anatakiwa kushuka siku hiyo hiyo, hivyo anaweza kutembea zaidi ya saa 12.

Wiki 12 za mazoezi

Mtu mwenye afya ya kawaida anahitaji angalau miezi mitatu. Ratiba inaweza kuwa hivi:

Wiki ya 1 hadi ya 4: Kutembea kwa kasi siku nne kwa wiki, dakika 45 hadi saa moja. Jumamosi, kilomita 8 hadi 10. Hapa miguu na kiatu vinazoeana.

Wiki ya 5 hadi ya 8: Kuongeza vilima na ngazi. Mgongoni, begi la kilo tano au sita. Jumamosi, kilomita 15. Wa Dar wana vilima vya Pugu, wa Morogoro wana milima ya Uluguru, na asiye na mlima anaweza kutumia ngazi za jengo lolote refu, kupanda na kushuka.

Wiki ya 9 hadi ya 11: Siku mbili mfululizo. Jumamosi kilomita 18 hadi 20, Jumapili 12 hadi 15. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayofanana zaidi na safari yenyewe: kuamka na miguu iliyochoka na kuendelea kutembea.

Wiki ya 12: Kupunguza. Matembezi mafupi, usingizi wa kutosha. Asiyefanya mazoezi miezi mitatu hawezi kufidia kwa wiki moja, atajiumiza tu.

Kushuka nako kunahitaji mazoezi. Magoti na vidole vya miguu huumia zaidi wakati wa kurudi kuliko wakati wa kwenda.

Jambo moja mazoezi hayaliwezi: hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Mkimbiaji wa marathoni anaweza kuugua na mama wa miaka 55 anayetembea taratibu akafika. Ile "pole pole" ya waongozaji ni kinga, si mzaha.

Kiatu, soksi na koti

Kiatu kipya hakipandi mlima. Kinatakiwa kiwe kimetembea wiki nyingi kabla ya safari, na kiwe na nafasi kidogo mbele ili vidole visigonge wakati wa kushuka. Kucha zikatwe siku chache kabla. Soksi za pamba hushika jasho na kuleta malengelenge, hivyo za sufu au za michezo zinafaa zaidi.

Koti zito, begi la kulalia na fimbo si lazima kununua. Moshi kuna maduka yanayokodisha, na anayejua kuchagua mitumba hupata vitu vizuri pale soko la Memorial. Kiatu ndicho kitu ambacho ni bora mtu awe nacho cha kwake.

Kwanza hospitali

Kabla ya kutangaza chochote, mpandaji amwone daktari. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, pumu au kisukari anahitaji ushauri wake binafsi.

Kuna suala jingine linalosahaulika: seli mundu. Mgonjwa wa seli mundu yuko hatarini sana kwenye mwinuko mkubwa. Hata aliyerithi vinasaba hivyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye maisha yake yote hajawahi kuugua, anaweza kupata madhara kwenye wengu. Asiyejua hali yake apime.

Dawa ya acetazolamide, inayosaidia mwili kuzoea mwinuko, nayo itumike kwa ushauri wa daktari, si kwa kuambiwa na rafiki.

Pesa: bajeti mbili, mifuko miwili

Michango mingi huharibikia hapa.

Safari ya Kilimanjaro ina gharama: ada za hifadhi, mwongozaji, wapagazi, mpishi, chakula, nauli. Raia hulipa ada nafuu kuliko mgeni, lakini jumla bado ni pesa nyingi.

Swali ambalo mchangiaji ana haki ya kuuliza ni moja: elfu kumi yangu inaenda kwa mgonjwa au inalipa safari yako?

Jibu lililo safi zaidi ni kutenganisha. Mpandaji anajilipia mwenyewe au anatafuta mdhamini wa safari, kama mwajiri wake. Michango ya watu inaenda yote kwenye lengo. Kama haiwezekani, iandikwe wazi tangu siku ya kwanza kwamba kiasi fulani kitalipia safari. Watu hawachukii gharama. Wanachukia kugundua baadaye.

Kuchangisha kama kamati ya harusi

Watanzania wanajua kuchangishana. Mbinu za kamati ya harusi zinafanya kazi hapa pia: ahadi kwanza, tarehe ya kumalizia ahadi, orodha inayosasishwa, na mweka hazina ambaye si bwana harusi.

Lengo liwe la kitu kinachoonekana. "Tunachangia afya" haimgusi mtu. "Tunanunua vitanda vinne vya wodi ya wazazi" inamgusa.

Kiasi kidogo nacho kina nafasi yake. Mpandaji anaweza kumwomba kila mtu shilingi 5,895, shilingi moja kwa kila mita ya mlima. Wakitoa watu 200, ni shilingi 1,179,000. Mwenye uwezo anaweza kuahidi kwa kilomita: shilingi 1,000 kwa kila moja ya kilomita 60 ni 60,000.

Mazoezi yenyewe ni habari. Picha ya Jumamosi asubuhi, jasho na vumbi, inawakumbusha watu kuliko ujumbe wa tano wa "naomba mnishike mkono".

Namba isibadilike

Kila mwenye simu Tanzania ameshapokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Watu wana haki ya kuogopa.

Kwa hiyo michango iingie kwenye akaunti au lipa namba ya taasisi inayosaidiwa, si simu ya mpandaji. Jina litakalotokea kabla ya kuweka namba ya siri litangazwe mapema, na namba isibadilishwe katikati. Taasisi yenyewe ithibitishe kwamba inaijua kampeni hiyo.

Baada ya safari itolewe taarifa: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, kimenunua nini, na picha. Asiyetoa taarifa mwaka huu asishangae kimya cha mwakani.

Wapagazi nao ni watu

Kampeni ya hisani inayomnyonya mpagazi inajipinga yenyewe. Mzigo wa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20. Kabla ya kulipia, kundi liulize kampuni maswali haya: wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala wapi. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, mara nyingi kuna mtu anaifidia kwa mgongo wake.

Michango isimpandishe mgonjwa

Hili ndilo gumu kuliko yote. Mtu amechangiwa na watu 300. Usiku wa manane, karibu mita 5,000, kichwa kinamuuma na anatapika. Anafikiria status, bosi wake, na watoto wa kituo. Anamdanganya mwongozaji kwamba yuko sawa.

Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kizunguzungu ni dalili za mwanzo. Zikionekana, mtu hapandi zaidi mpaka ziishe. Akianza kuchanganyikiwa, kuyumba kama mlevi, kupumua kwa shida hata akiwa amekaa, au kukohoa povu, hilo ni jambo la dharura. Anashushwa mara moja, iwe usiku au mchana. Ubongo au mapafu yanaweza kuwa yanajaa maji, na watu hufa hivyo.

Kinga yake inaandaliwa miezi mitatu kabla, kwenye tangazo lenyewe. Sentensi moja inatosha: "Mchango wako unaenda hospitali hata kama nitaishia njiani." Ahadi zisifungwe na kilele. Anayechanga kwa kilomita, azihesabu zilizotembewa, pamoja na zile za kushuka.

Hapo mwongozaji akisema "tunarudi", mpandaji hana cha kuficha. Vitanda vinne vitanunuliwa vilevile, na mlima utakuwepo mwakani.