Mvua, koki na tangi la dizeli

Mwenye mashine ya kukoboa kahawa pale Kaisho, mkoani Kagera, akitaka kuweka tangi la dizeli la lita 10,000 kwa ajili ya jenereta na malori yake, fundi atamwambia alizungushie ukuta. Ni ushauri mzuri. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kwamba beseni hilo la zege liweze kubeba asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote yaliyomo, yaani hapa lita 11,000. Sakafu ya mita 4 kwa 5 na ukuta wa sentimita 55 vinatosha, mradi tangi limeinuliwa juu ya viguzo. Kuliinua kuna faida nyingine: kutu ya chini na jasho la mafuta kwenye maungio huonekana mapema.

Wengi huishia kwenye hesabu hiyo, wakati mvua bado haijahesabiwa. Kagera ina masika na ina vuli. Mvua moja ya milimita 50 huacha lita 1,000 katika beseni la mita za mraba 20. Ile ziada ya asilimia 10 imekwisha siku hiyo hiyo, na tangi halijavuja hata tone. Kwa hiyo mafundi hutoboa ukuta chini na kuweka koki ya kutolea maji. Mvua ikikatika mlinzi anafungua, anakwenda kunywa chai, na koki inabaki wazi wiki nzima. Tangi likivuja usiku, dizeli itashika njia ile ile ya maji ya mvua, iteremke kwenye migomba na chemchemi kuelekea Mto Kagera, ambao ndio mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria.

Nairobi iliuona ubaya wa mfereji kwa msiba. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kwenye bohari ya Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya, ikaingia mfereji wa maji ya mvua na kufika makazi ya Sinai. Ilipolipuka, watu zaidi ya 100 walikufa. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, ila ikishazama ardhini huharibu maji ya kisima kwa muda mrefu.

Mimi, kwa tangi la ukubwa huu, nisingetoboa ukuta kabisa. Ningetumia pampu ya mkono. Anayetaka kutoa maji lazima asimame pale, apampu, aone kinachotoka. Rangi za mafuta zikianza kuelea, aache na atafute tangi linapovuja. Mabomba nayo yapite juu ya ukuta. Mwaka 2005, bohari ya mafuta ya Buncefield, Uingereza, ilipolipuka na kuungua, sehemu ambazo mabomba yalipenya kuta zilishindwa kuhimili moto, na mafuta yaliyochanganyika na maji ya zimamoto yakazama ardhini.

Lakini chanzo cha Buncefield hakikuwa ukuta. Kipimo cha tangi kilikwama wakati petroli ikiendelea kuingia, na swichi iliyopaswa kusimamisha kazi haikufanya kazi. Zaidi ya lita 250,000 zilifurika kabla ya mlipuko wa alfajiri ya Desemba 11. Walikuwa na mitambo ya kupima. Sisi mara nyingi tuna kijiti tu, na kijiti kinatosha kikitumika kabla ya kushusha mafuta. Usijaze zaidi ya asilimia 95, kwa sababu dizeli hutanuka juani. Kijiti kikionyesha tangi lina lita 3,000, nafasi iliyobaki ni lita 6,500. Iandikwe kwenye daftari, dereva aione, na asiondoke kwenye koki ya lori mpaka mpira ufunguliwe. Akiwa ameleta lita 8,000, zile 1,500 ataondoka nazo, hata kama zimeshalipiwa.