Wewe Kiongozi, Hasira Yako Inawafikia Wengi



Kama wewe ni mwenyekiti wa bloku, mjumbe wa kamati ya maji, mhudumu wa afya wa jamii, mwalimu, mchungaji, imamu, au mama unayeongoza kikundi cha akiba, makala haya yanakuhusu wewe kwanza. Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya malaria, kunawa mikono na chanjo za watoto. Safari hii tunaongea juu ya hasira. Usishangae. Ugomvi wa foleni ya maji nao huishia kituo cha afya, kichwa kimepasuka au mkono umevunjika, na mara nyingi ulianza kwa neno moja la mtu mwenye cheo.

Wengi wenu mnaijua Nesitu, kwenye barabara ya Juba kwenda Nimule. Mnajua pia ilivyokuwa njia hiyo mwaka 2016, watu wakitafuta mpaka wa Uganda na mizigo kichwani. Kumbuka ilivyoanza. Tarehe 7 Julai mwaka huo wanajeshi wa pande mbili walirushiana risasi kwenye kizuizi cha Gudele, Juba, na baadhi yao wakafa. Kesho yake viongozi wakuu walikutana Ikulu, pale J1. Wakiwa bado ndani, walinzi wao waliokuwa nje wakaanza kupigana. Jioni ile viongozi walijitokeza pamoja wakaomba watu watulie. Tarehe 10 vita vikarudi, vikaendelea hadi tarehe 11.

Nani alianza? Kila upande una maelezo yake, na jarida hili si mahali pa kuamua. Tunachotaka ukitazame ni hiki: wale walinzi walikuwa wamebeba hasira ya miezi mingi, na ilipolipuka, neno la mkubwa halikutosha kuizima. Kambi ya Bidi Bidi, Uganda, ilifunguliwa Agosti 2016. Hadi Desemba ilikuwa imepokea watu zaidi ya 250,000.

Sasa rudi nyuma miaka 11. Tarehe 30 Julai 2005 Dkt. John Garang alikufa katika ajali ya helikopta, wiki tatu tu baada ya kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan. Habari ilipotangazwa, fujo zilizuka Khartoum na hata Juba. Watu zaidi ya 100 waliuawa. Mjane wake, Mama Rebecca Nyandeng, alikuwa na kila sababu ya kulia na kukaa kimya, au hata kulaumu. Yeye aliwaomba watu watulie na wailinde amani iliyotiwa sahihi Januari mwaka ule. Hatusemi neno la mtu mmoja ndilo lililozima fujo zote. Lakini fikiria hali ingekuwaje kama yule ambaye kila mtu alimtazama angesema kinyume.

Huenda unasema: hao ni wakubwa, mimi nina bloku tu. Basi tuje kwenye bomba la maji.

Tuchukue mfano. Wewe ni mweka hazina wa kamati ya maji. Kila nyumba huchangia kidogo kwa ajili ya vipuri. Leo bomba limeharibika, jua ni kali, madumu yamepangwa hadi barabarani. Mama mmoja anasimama mbele ya watu wote anasema, "Pesa zetu mmekula." Nawe hujala hata shilingi.

Mwili wako hauulizi kama maneno yale ni kweli. Unafanya kama vile umevamiwa. Adrenalini inamwagika katika damu, moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mikono inakaza, masikio yanasikia nusu ya yanayosemwa. Maandalizi hayo yanafaa kwa kukimbia chui. Hayafai kwa hesabu za vipuri. Na kama hukulala usiku, au hujala tangu jana kwa sababu posho imepunguzwa, mwili hufika hapo haraka zaidi.

Hasira hasara, sote tumeambiwa hivyo tangu utoto. Ni kweli, ila methali haikuonyeshi ufanye nini saa ile.

Fanya hivi. Usijibu bado. Kanyaga ardhi kwa nguvu kwa miguu yote miwili hadi uisikie chini ya nyayo. Vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi, mara tatu au nne. Moyoni mwako taja kilichopo: "Hapa kuna hasira. Hapa kuna aibu." Usiifukuze, itaje tu. Kisha inua macho utazame kilicho mbele yako: madumu, watoto, yule mama mwenyewe. Huenda naye ana mgonjwa nyumbani na hana maji ya kumwosha. Jambo lote hili halimalizi dakika moja, na hakuna atakayejua unafanya nini.

Ndipo useme, kwa sauti ya chini kuliko yake: "Mama, nimekusikia. Swali lako ni la haki. Daftari liko nyumbani kwangu, saa kumi tutalifungua hapa mbele ya kila mtu. Sasa hivi tutafute maji ya leo." Halafu saa kumi ulilete hilo daftari. Usipolileta, upole wako wote utahesabiwa kuwa ujanja.

Wengine, hasa wanaume, watasema kiongozi anayenyamaza anaonekana dhaifu. Sisi tunaona kinyume. Wale vijana waliosimama nyuma yako wakikunja ngumi wanakutazama usoni. Ukipandisha sauti, umewapa ruhusa.

Mazoezi haya hatukuyabuni sisi. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya kujisaidia wakati wa msongo, na yalijaribiwa kwa wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Walishiriki wanawake 694 kutoka vijiji 14. Katika nusu ya vijiji wanawake walikutana kwa vikundi mara tano, kila mara kama saa mbili, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba na kutazama kitabu cha picha. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Miezi mitatu baadaye wanawake hao walikuwa na nafuu kuliko wenzao wa vijiji vingine: msongo ulipungua, huzuni ilipungua, na hasira pia. Tuseme ukweli wote: nafuu ya msongo ilikuwa kubwa zaidi mara tu baada ya mafunzo kuliko miezi mitatu baadaye. Ndiyo sababu zoezi la pumzi na nyayo lifanywe kila siku, hata siku ambayo hujakasirika, kama unavyomfundisha mtoto kunawa mikono kabla kipindupindu hakijafika. Ukingoja hadi siku ya ugomvi, utalisahau.

Katika mafunzo yale kuna jambo lingine linalomfaa sana kiongozi. Unajiuliza: mimi nataka niwe mtu wa namna gani kwa hawa watu? Mwenye haki? Mwenye subira? Mwenye kusema kweli? Chagua moja, kisha tafuta tendo moja dogo la wiki hii linalofanana nalo. Mwenye haki aanze na orodha ya foleni, ndugu zake wasipite mbele. Hilo halihitaji semina wala posho ya kikao.

Na ikitokea umeshalipuka? Rudi. Usitume mtu. Nenda mwenyewe, na kama ulimtukana mbele ya watu, omba radhi mbele ya watu. Watu wa Juba wana neno fupi kwa hilo, "malesh", nalo halimpunguzii mzee heshima. Usiongeze "lakini wewe ndiwe uliyeanza." Ukiongeza hivyo, ni afadhali ungebaki nyumbani.

Jambo la mwisho ni uchovu. Kiongozi wa kambi hagongewi mlango saa za kazi tu. Huja usiku kwa mama anayejifungua, kwa ndoa inayovunjika, kwa mtoto aliyepotea. Na yeye pia ana marehemu wake aliowaacha njiani. Wapo wanaojituliza kwa waragi, na hao wanajua wenyewe asubuhi inavyokuwa. Gawa zamu na makamu wako. Kuwa na mtu mmoja nje ya kamati ambaye unaweza kumweleza yaliyo moyoni bila kuogopa yatafika sokoni.

Jichunguze pia. Je, umekosa usingizi kwa wiki mbili au zaidi? Je, unashtuka kwa kila mlio, unaona tena yaliyotokea njiani, unawapiga watoto kisha unajuta, huoni tena ladha ya kitu chochote? Je, umewaza kwamba ingekuwa afadhali ufe? Basi fika kituo cha afya, na kwa hilo la mwisho fika leo hii, au mwambie aliye karibu nawe akupeleke. Si lazima uwe na homa ndipo uonwe. Mwambie mhudumu wa kwanza utakayemkuta kwamba unataka kuongea faraghani. Huna haja ya kumweleza shida yako pale kwenye benchi, mbele ya majirani.