Mlango Mmoja, Wazee Wawili



Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 18 Julai 2020, kabla chai haijateremshwa mekoni, simu yetu ilikuwa imekwisha jaa sauti za akina mama. Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu huenda hawana habari kwamba darasa letu la akina mama hapa Kawangware, Nairobi, ambalo kabla ya maradhi haya lilikuwa likikaa juu ya mkeka kila wiki, tangu mwezi Machi limehamia simuni. Sisi husoma aya na maelezo yake kwa ujumbe wa sauti, nao hujibu kila mmoja kwa wakati wake, huku nyuma ukisikia mtoto analia au mafuta yanachemka.

Siku hiyo hakuna aliyeuliza juu ya aya. Habari iliyokuwa midomoni ni kwamba Seneta wa Nairobi, Johnson Sakaja, amekamatwa usiku wa manane katika kilabu kimoja cha Kilimani, saa ambazo watu wote wametakiwa wawe majumbani mwao. Naye hakuwa seneta tu. Alikuwa ndiye mwenyekiti wa kamati maalumu ya Seneti iliyoundwa kuangalia mambo ya korona.

Mama mmoja, muuza chapati na maharagwe karibu na stendi ya 46, ndiye aliyesema kwa ufasaha kuliko wote. "Sheikh," alisema, "mimi mwezi wa nne nilimwagiwa sufuria yangu chini kwa sababu saa moja ilinikuta nakusanya vikombe. Leo anayetutungia masharti yuko kilabuni saa saba ya usiku. Sasa nikiivua hii barakoa, nitakuwa nimekosa nini?"

Tulimjibu upesi. Tulimkumbusha wajibu wa kuwatii wenye mamlaka katika lililo jema, na kwamba kosa la mtu halihalalishi kosa la mwingine. Maneno yote hayo ni ya haki. Lakini jibu lililokuja upesi hivyo lilikuwa limeruka jambo, na yule mama aliliona kabla yetu. Alikuwa na swali la pili, nalo tutalifikia.

Kwanza na tuwaeleze ndugu zetu wa Pwani mtaa wenyewe. Kawangware iko magharibi ya Nairobi, ubavuni mwa Lavington, na kati ya mitaa hiyo miwili ni mwendo wa miguu tu. Wanawake wengi wa huku huvuka kila asubuhi kwenda kufua, kupika na kulea watoto katika nyumba za Lavington na Kilimani. Maradhi yalipoingia, wengi walielezwa wasirudi, kwa kuhofiwa kwamba watayabeba kutoka mitaani. Ajabu ya mambo ni kwamba maradhi haya yaliletwa nchini na wasafiri wa ndege. Mgonjwa wa kwanza aliyetangazwa tarehe 13 Machi alikuwa ametoka safari ya ng'ambo. Muuza chapati hakupanda ndege.

Masharti yenyewe yaliandikwa kwa mtu mwenye nyumba ya vyumba. Nawa mikono mara kwa mara: huku maji hununuliwa kwa mtungi. Kaa mbali na mwenzio mita moja na nusu: huku familia ya watu sita hulala chumba kimoja, na choo ni cha ploti nzima. Hata hivyo watu walijitahidi. Tuliona kwa macho yetu, mwezi Aprili, vibuyu vya maji vimetundikwa kwenye milango ya vioski, na mafundi cherehani wakishona barakoa za vitambaa vya kanga. Hofu ilikuwapo, na nia njema ilikuwapo.

Ni nini basi kilichoila nia hiyo? Si Sakaja peke yake, na itakuwa dhuluma kumbebesha yote. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, na usiku ule ule ndugu zetu waliokuwa wakiharakisha kuvuka feri ya Likoni walipigwa na kurushiwa mabomu ya machozi, wakasongamanishwa chini pamoja, kinyume cha hilo hilo lililokuwa likikatazwa. Siku tatu baadaye, katika mtaa wa Kiamaiko hapa Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao alipigwa risasi akafariki. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua sita waliokufa kwa mikono ya polisi katika siku kumi za mwanzo za kafyu. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi tarehe 1 Aprili kwa nguvu zilizotumika. Radhi ni jambo jema, lakini hairudishi mtoto kwenye roshani.

Mwanzoni mwa Mei Serikali ilileta upimaji wa bure Kawangware, na waliojitokeza walikuwa wachache kuliko waliotarajiwa. Wakubwa waliwalaumu watu kwa ujinga. Sisi tuliokaa nao tunajua hawakuogopa kijiti cha kupimia. Waliogopa karantini, ambayo hadi wakati huo mtu alitakiwa kuilipia mwenyewe, na ambayo ilikuwa imetangazwa pia kuwa ni adhabu ya wavunja kafyu. Tiba ikishakuwa jela, nani atakayebisha hodi? Siku chache baadaye Serikali ikatangaza kwamba itabeba gharama za vituo vya umma. Ingelisema mapema.

Nanyi mlio Mji wa Kale, Mombasa, hamhitaji kusimuliwa. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, mtaa wenu na Eastleigh ya hapa kwetu vilifungwa, asiingie mtu wala asitoke. Mlifuturu ndani ya vizuizi, na Idi ikawakuta humo. Mlivumilia, ingawa Kilifi jirani yenu mlikuwa mmekwisha sikia kesi ya Naibu Gavana, Gideon Saburi, aliyeshtakiwa kwa madai kwamba alirudi kutoka Ujerumani mwezi Machi asijitenge. Yeye aliyakana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama, si ya baraza zetu. Tunalolisema ni kwamba mtu aliyefungiwa ndani hupima kila habari ya namna hiyo kwa mizani ya kizuizi kilicho mlangoni pake.

Turudi kwa Seneta. Kwa insafu ni lazima isemwe kwamba aliomba msamaha, akaacha uenyekiti wa kamati siku mbili baada ya kukamatwa, na mapema mwezi Agosti 2020 akakiri kosa mbele ya hakimu na kutozwa faini ya shilingi 15,000. Wako wakubwa wengi ambao hawakufika hata hapo. Huko Uingereza, Dominic Cummings, aliyekuwa mshauri wa Waziri Mkuu, aliendesha gari na familia yake masafa marefu kutoka London wakati wananchi wameamriwa wakae nyumbani. Mwezi Mei alikaa bustanini akawaeleza waandishi wa habari kwamba hajutii, na kazi yake akabaki nayo wakati huo. Sakaja alijuta. Lakini akina mama wa Kawangware wanaijua hesabu. Mwaka 2020 asiyevaa barakoa hadharani aliweza kutozwa hadi shilingi 20,000 au kufungwa miezi sita. Kwa muuza chapati hiyo 20,000 ni mtaji wake wote, na sufuria, na kodi ya nyumba. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huku watu huuliza mbona meno yameelekezwa upande mmoja.

Tulipokuwa tukitafuta jibu lenye uzito zaidi, tulirudi kwenye kisa ambacho kila mwanafunzi wa madrasa amekisikia, cha Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa akielekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh alipewa habari kwamba tauni imeingia nchi ile. Akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akaamua kuugeuza msafara. Abu Ubayda bin Jarrah (r.a.) akamuuliza vipi anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kwa maana kwamba wanaitoka kadari yake kwenda kwenye kadari yake. Ndipo Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipowaeleza agizo la Mtume (s.a.w.) kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kuikimbia.

Kisa hiki tulikitumia mara nyingi mwaka 2020 kuwanyamazisha wanaosema kwamba barakoa ni upungufu wa imani. Tulilokuwa hatulisisitizi ni hili: aliyegeuzwa pale Sargh ni Khalifa mwenyewe. Ngamia wake ndiye aliyepindishwa kichwa. Na Abu Ubayda, aliyekuwa amiri wa Sham, Umar alipomwandikia amwendee Madina kwa kutaka kumwokoa, aliomba asamehewe, akabaki na askari wake, na akafa katika tauni hiyo ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra. Mwaka huo huo wa 18 ndio wa njaa kuu ya Hijazi, na wanahistoria wanasimulia kwamba Umar alijiharimishia samli na nyama, akala mafuta ya zeituni mpaka rangi yake ikageuka, hata watu waliposhiba. Amri zao ziliwapitia wao kwanza ndipo zikawafikia watu.

Kwa hiyo jibu tulilompa yule mama mara ya pili lilikuwa na sehemu mbili, na tunaomba lichukuliwe hivyo hivyo nyumbani kwenu, hasa mnapoulizwa na watoto, ambao masikio yao yako wazi kutwa nzima. Ya kwanza: kiongozi akivunja sharti alilowawekea watu amefanya khiyana, na ni haki yako kuliita kwa jina lake. Usimfiche mtoto. Ya pili: barakoa yako hukuivaa kwa ajili ya Seneta. Umeivaa kwa ajili ya bibi anayekaa chumba cha pili, mwenye pumu, ambaye mnachangia naye choo na kamba ya kuanikia. Haki ya jirani haifutwi na kosa la mtu wa Kilimani. Bibi yule hakwenda kilabuni.

Hapo ndipo alipolileta swali lake la pili. "Nimekubali, Sheikh. Lakini jana Ijumaa mimi nilikuwa na beseni langu mbele ya lango la msikiti. Na ninyi je?"

Tulikaa kitako.

Wasomaji wetu wanajua kwamba nyumba za ibada zilipofunguliwa mwezi Julai, sharti lilikuwa watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, wasiingie watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee waliopita miaka 58. Sisi wenyewe tumebakiwa na miaka michache kufika hapo. Ijumaa ile ya tarehe 17 tulisimama langoni na daftari na kipima joto. Akaja mzee mmoja muuza makaa, ambaye kwa miaka mingi hajakosa safu ya kwanza, na kwa adabu zote tukamrudisha. Hakusema neno. Alizivaa tena ndara zake akaenda. Haikupita robo saa likasimama gari, akateremka mheshimiwa mmoja ambaye mchango wake wa kila mwezi ndio hutununulia maji. Umri wake tunaujua. Tulimpima joto, tukaandika jina lake, na nafasi ya miaka tukaiacha wazi. Akaswali safu ya mbele.

Hadithi ya yule mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba, na watu wakamtuma Usama bin Zayd (r.a.) amwombee kwa sababu ya ukoo wake, tumeisomesha zaidi ya miaka ishirini. Tunawaeleza wanafunzi jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoghadhibika, na alivyosema kwamba kaumu za kabla yetu ziliangamia kwa kumwachia mtukufu na kumwadhibu mnyonge. Tumeisomesha tukimkusudia daima mtu mwingine: waziri, hakimu, polisi.

Kumwandika Seneta katika jarida hili na tusijiandike sisi, tumeona haifai.

Jumapili tulikwenda kwa mzee wa makaa. Tulikaa nje, yeye ncha moja ya benchi na sisi ncha ya pili, tukamtaka radhi. Alituambia kuwa Ijumaa ile aliswali adhuhuri chumbani na wajukuu zake wawili. Kisha akauliza yule mheshimiwa ana miaka mingapi. Tukamwambia sitini na mbili. "Mimi sitini na moja," akasema, akaendelea kufungia makaa kwenye mikebe.

Mheshimiwa tulimpigia simu siku hiyo hiyo, tukamwomba aswali nyumbani mpaka sharti liondolewe. Alinyamaza kidogo, akasema amesikia. Mchango wa mwezi huu haujafika, nasi hatujamkumbusha. Maji ya kunawia langoni tunayanunua kwa mitungi, na kila nyumba inayoweza huleta wake. Ijumaa iliyopita muuza chapati alileta miwili, akaitua mbele yetu, akatuambia tuipandishe barakoa ifike juu ya pua.