Polepole Ndiyo Nguvu: Kukweza Vyombo Nyamisati

Maji yanapokupwa Nyamisati, delta ya Rufiji hufunua yaliyokuwa yamefichika. Palipokuwa na mkondo wa kupitisha jahazi hubaki tope jeusi, na mizizi ya mikoko husimama juu yake kama miguu ya buibui. Mashua zilizokuwa zikielea saa chache zilizopita hulala ubavu. Hapo ndipo mtu huona hali ya chini ya chombo: ukijani, chaza wadogo walionata, na matundu ya mdudu alaye mbao baharini, ambayo kwa nje huwa madogo kama ncha ya sindano lakini kwa ndani huwa mapana ya kutosha kuumaliza mkuku.

Chombo cha mbao hapana budi kikwezwe pwani mara kwa mara, kikwanguliwe, kitiwe kalafati na kupakwa deheni au rangi. Hata boti ya faiba, ambayo mdudu haiwezi, hupata nyufa na huhitaji kutolewa majini. Kazi hiyo ikicheleweshwa kwa kuwa watu wa kuvuta hawakupatikana, chombo huendelea na safari kikiwa kigonjwa. Ndiyo maana habari ya kukweza vyombo si ya mafundi peke yao. Ni habari ya mama anayevuka na mwanawe kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, na ya mke anayemngoja mvuvi jioni.

Kwa desturi, kazi hii hufanywa kwa magogo ya kuviringishia, kamba nene, na mabega ya vijana ishirini au thelathini. Siku hizi baadhi ya wenye boti hutumia tela la matairi. Tela hupunguza taabu, lakini haliiondoi, kwa sababu lenyewe halina nguvu ya kujivuta. Lori nalo haliingii kila mahali. Likiingia penye tope huzama, na hapo vitu vya kukokotwa huwa viwili. Je, fundi wa kijijini aweza kutengeneza mtambo mdogo wa kulikokota tela zito la boti? Jibu ni kwamba aweza, ila yampasa aanze na hesabu kabla ya kuanza na nyundo.

DELTA ILIYOZOEA MIZIGO

Kukokota vitu vizito si jambo geni katika delta hii. Mwezi Septemba 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja. Baada ya hapo injini yake iliharibika, nayo ikajificha katika mikondo ya Rufiji. Vipande vya mitambo vilivyoharibika vilikokotwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa, kwa nguvu za mamia ya Waafrika. Tarehe 11 Julai 1915 meli hiyo iliangamizwa humo humo deltani. Hata hivyo mizinga yake 10, ambayo kila mtutu wake ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja, iliopolewa, ikavutwa hadi Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu na kutumiwa vitani. Mmoja wa mizinga hiyo umewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na mgeni yeyote aweza kuutazama.

Mwaka huo huo wa 1915, Waingereza walileta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi. Kutoka Cape Town zilisafirishwa kwa reli hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo zilikokotwa zaidi ya kilomita 200 kuipita milima ya Mitumba, zikivutwa na mitambo miwili ya mvuke pamoja na ng'ombe na watu. Maji ya kunyweshea mitambo hiyo yalichukuliwa na wenyeji vichwani. Mahali ambapo magurudumu yalishindwa, kamba na kapi vilishika kazi. Safari hiyo ya milimani ilichukua takriban wiki sita. Boti hizo ziliingia Ziwa Tanganyika mwezi Desemba, na tarehe 26 ya mwezi huo zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani.

Visa hivi viwili vya vita vina funzo moja la amani: uzito haushindwi kwa kishindo. Hushindwa kwa mwendo wa polepole na kwa kamba iliyofungwa mahali imara.

HESABU YA MVUTO

Tuseme boti na tela lake kwa pamoja zina uzito wa tani 2, yaani kilo 2,000. Juu ya ardhi ngumu iliyo tambarare, matairi yaliyojaa upepo huhitaji mvuto wa kiasi cha sehemu moja katika hamsini ya uzito, yaani kilo 40 tu. Watu wawili wenye afya waweza kuusogeza mzigo huo. Lakini penye mchanga laini au tope, mvuto unaotakiwa waweza kufika sehemu moja katika tano, yaani kilo 400. Pakiwa na mwinuko wa mita moja katika kila mita kumi, ongeza kilo 200 nyingine. Jumla ni kilo 600. Mtu mmoja akivuta kwa mfululizo hutoa mvuto wa kilo 20 au 30. Basi twaona kwamba desturi ya kuita vijana ishirini au thelathini haikubuniwa ovyo. Wazee waliipata hesabu hii kwa migongo yao.

Sasa tuitazame injini. Ikiwa tutaridhika kwenda mita 12 kwa dakika, mwendo wa kobe, basi mvuto wa kilo 600 hautaki hata nguvu za farasi 2. Kwa kuwa minyororo na gia hupoteza nguvu nyingi njiani, tuseme zatakiwa 3 au 4. Injini ndogo ya dizeli ya pawatila, yenye nguvu za farasi 6 au 8, yatosha na kubaki. Neno la msingi ni kupunguza mwendo.

Gurudumu lenye upana wa sentimita 60 husonga karibu mita 1.9 kila linapozunguka mara moja. Ili lende mita 12 kwa dakika, lazima lizunguke mara 6 tu na kidogo, ilhali injini yazunguka mara 1,900. Maana yake mwendo wa injini upunguzwe mara 300. Hakuna gia moja ya kufanya hivyo, lakini hatua nne zaweza: mkanda na puli hupunguza mara 3, gia ya kwanza ya giaboksi la gari kuukuu mara 4, difu mara 5, na mnyororo wenye gia ndogo na kubwa mara 5. Zidisha namba hizo, utapata 300. Vitu hivyo vyote hupatikana kwa wauza vyuma chakavu, na fundi mwenye mashine ya kuchomelea aweza kuvipanga juu ya fremu moja ya chuma.

GURUDUMU LIKITELEZA

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Huongeza injini kubwa, kisha hushangaa kuona gurudumu linazunguka mahali pamoja na kuchimba kaburi lake. Sababu ni kwamba gurudumu haliwezi kuvuta zaidi ya ardhi inavyolishika, na ardhi hulishika kwa kadiri ya uzito ulioko juu yake. Penye udongo wa kawaida, yafaa kukadiria kwamba mvuto ni nusu ya uzito huo. Kuvuta kilo 600 kwatakiwa kilo 1,200 juu ya magurudumu yanayoendeshwa. Mtambo mdogo hauna uzito huo, na penye tope hali huwa mbaya zaidi.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza ni kuufanya mtambo ubebe ncha ya mbele ya tela, ili sehemu ya uzito wa boti iyakandamize magurudumu yake. Ya pili ni kutandika mbao nene chini ya matairi, kwani gurudumu lipitalo juu ya ubao husahau kwamba chini kuna tope. Ya tatu, ambayo kwa Nyamisati ndiyo bora, ni kuupa mtambo kazi mbili: magurudumu ya kutembelea penye ardhi ngumu, na duara la kuzungushia kamba penye tope. Mtambo huegeshwa juu pakavu na kufungwa kwenye gogo lililofukiwa kwa kukingama, kina cha mita moja au zaidi. Kisha duara huzunguka polepole na kulileta tela. Hapo mvuto hautegemei tena uzito wa mtambo, bali ardhi yenyewe. Kapi moja ikifungwa kwenye tela, na ncha ya kamba kurudishwa kwenye gogo, mvuto karibu huongezeka mara mbili na mwendo hupungua kwa nusu.

Wala tusiisahau bahari. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kuliko siku nyingine. Mwenye busara hungoja siku hiyo, chombo kielee hadi juu kabisa, ndipo avute mita chache zilizobaki. Bamvua ni injini isiyodai dizeli.

BREKI KABLA YA INJINI

Ndugu msomaji, likumbuke neno hili kuliko mengine yote: anza kutengeneza breki, ndipo ufunge injini. Mzigo wa tani 2 uliopandishwa mwinuko hutaka kurudi chini, na hautoi taarifa. Mnyororo ukikatika, breki iliyoko kwenye injini haina faida. Breki lazima iwe kwenye magurudumu yenyewe ya tela. Duara nalo lifungwe kizuizi cha meno, kisichoruhusu kurudi nyuma. Mtu mmoja apewe kazi ya kulifuata tela na kabari mbili za mbao, akizisogeza nyuma ya matairi kila hatua. Wakati wa kushua chombo, mtambo ukae upande wa juu na kulishikilia tela. Usikae upande wa chini ambako mzigo ukiponyoka utauponda pamoja na mwendeshaji.

Kamba ya chuma ikikatika hurudi kama mjeledi, na yaweza kumvunja mtu mguu au kumwua. Asisimame mtu kandokando yake wala kuivuka inapokuwa imekazwa. Watoto, ambao hupenda sana kuitazama kazi hii, wakae mbali zaidi ya urefu wa kamba. Minyororo na mikanda ifunikwe kwa bati ili isinase kanga wala mkono wa shati. Kazi ikiisha, mtambo uoshwe kwa maji baridi na beringi zipakwe grisi, maana chumvi haina huruma na chuma.

NANI AUMILIKI?

Baadhi ya watu watauliza: vijana wanaopata riziki kwa kuvuta vyombo watakula nini? Swali hili ni la haki. Mtambo ukiwa mali ya tajiri mmoja, utawanyang'anya ujira wao na kuwaachia maumivu ya viuno waliyokwisha kuyapata. Lakini ukinunuliwa na ushirika wa wenye vyombo pamoja na hao wavutaji, watakaouendesha, kutandika mbao, kushika kabari na kukwangua vyombo ni wao, na vyombo vitakavyotibiwa kwa mwezi vitakuwa vingi zaidi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya juhudi za namna hii, na fundi mwenye mchoro na hesabu mkononi husikilizwa upesi kuliko mwenye ombi tupu.

Faida nyingine itakuwa ya mikoko. Magogo ya kuviringishia huchakaa, na kila yanapochakaa mtu huutazama msitu. Msitu huo ni hifadhi, nao ndio unaoikinga pwani na kulea kamba na samaki.

Wahenga walisema polepole ndio mwendo. Fundi wa Nyamisati aweza kuongeza kwamba polepole ndiyo nguvu pia. Mtambo utakaokwenda mita 12 kwa dakika hautamstaajabisha mpita njia. Lakini chombo kilichokwezwa kwa wakati, kikatibiwa na kurudishwa majini, kitavuka na mama na mwanawe hadi Kilindoni, na kuwarudisha salama.