Mtandao Umekatikia Wapi?

Kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, na ukivuka vilima vya Pugu kuingia Kisarawe, hitilafu zote za mawasiliano ya kompyuta zina jina moja: mtandao hakuna. Karani humwambia hivyo mwananchi aliyefuata namba ya malipo, mwalimu huwaambia hivyo wanafunzi, na fundi aliyeitwa kurekebisha huanza kazi kwa maneno hayohayo. Kumbe nyuma ya maneno hayo mawili kuna mambo yasiyohusiana hata kidogo: waya uliochomoka nyuma ya meza, swichi iliyozimika umeme ulipokatika, bando lililoisha, seva ya majina isiyojibu, saa ya kompyuta iliyorudi nyuma miaka kumi, au kebo iliyokatika chini ya bahari mbali na pwani yetu. Hoja ya makala hii ni kwamba kwenye mifumo ya jamii ya Unix, yaani Linux, BSD na Mac, kila moja ya hitilafu hizo ina swali lake na amri ya kuliuliza, na amri moja hujibu swali moja tu. Anayehangaika kutwa nzima mara nyingi hajakosa amri. Ameiuliza amri swali lisilo lake, kisha akaliamini jibu.

Tuanzie mezani, kwa sababu huko ndiko watu hawapendi kuanzia. Umeme ukikatika, kompyuta ya mkononi huendelea kuwaka kwa betri yake, na ile ya mezani huenda ikashikiliwa na UPS. Lakini swichi ndogo iliyobandikwa ukutani kule kwenye kona, ambayo hakuna aliyeikumbuka wakati UPS zinanunuliwa, inazimika papo hapo. Mtumiaji anaona kioo chake kinawaka, anahitimisha kwamba lawama ni za kampuni ya simu. Kwenye Linux, amri ya ip link inamaliza ubishi huo kwa sekunde moja: ikiandika NO-CARRIER mbele ya jina la kadi ya mtandao, maana yake upande wa pili wa waya hakuna kifaa kinachojibu, na hapo hakuna haja ya kumpigia mtu yeyote simu. Mwenye faiba anayo nyongeza ya bure: kile kiboksi kinachopokea waya wa kioo kina taa yenye herufi LOS, na ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kutoka nje, hata kompyuta iwe nzima kiasi gani.

Swali linalofuata ni la anwani, na hapa pana hitilafu moja ambayo ofisi nyingi huitengeneza zenyewe. Kompyuta inapojiunga na mtandao huomba anwani kwa utaratibu uitwao DHCP, na ruta ya ofisi ndiyo huigawa. Siku moja mtu anachoka na waifai hafifu, ananunua ruta yake ndogo dukani, anachomeka waya kwenye tundu lisilostahili, na tangu hapo ndani ya jengo kuna wagawaji wawili wa anwani wasiojuana. Nusu ya wafanyakazi wanapata mtandao, nusu hawapati, na kesho yake wanabadilishana zamu. Hakuna kinachofanana zaidi na uchawi, na hakuna kilicho rahisi zaidi kubaini: endesha ip addr kwenye kompyuta inayofanya kazi na kwenye isiyofanya, ulinganishe. Moja ikiwa na 192.168.1.40 na nyingine 192.168.0.12 wakati zote ziko chumba kimoja, mgeni ameshapatikana. Mac, na baadhi ya mifumo ya Linux, ikikosa kabisa mgawaji hujipa anwani inayoanza na 169.254, na hiyo ni kompyuta inayokiri kwamba iliomba na haikujibiwa.

Kisha kuna njia. Mtandao wa ofisi unapozorota, watu wetu hufungua hotispoti ya simu, jambo la busara, ila wengi huacha waya wa ofisi ukiwa umechomekwa. Amri ya ip route itaonyesha mistari miwili inayoanza na neno default, kila mmoja na namba ya kipaumbele iitwayo metric, na yenye namba ndogo ndiyo inayofuatwa. Kwa kawaida waya hupewa namba ndogo kuliko waifai. Matokeo yake ni kwamba bando limenunuliwa, hotispoti inapumua, na pakiti zinaendelea kupita kwenye waya usiofika popote. Mifumo mipya ya kompyuta za mezani huweza kugundua hali hiyo na kuhama yenyewe. Mifumo ya zamani na seva nyingi haihami. Dawa ni kuchomoa waya, lakini ni nani atachomoa waya kama hajajua kwamba waya ndio unaoshinda?

Amri inayoonewa kuliko zote ni ping. Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 akiwa kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani, na aliipa jina la mlio wa vyombo vya kupima kwa sauti chini ya maji. Kazi yake ni kutuma pakiti ndogo na kuuliza kama inarudi, basi. Watu huigeuza hakimu: ping ikipita, mtandao upo, isipopita, haupo. Yote mawili yanaweza kuwa uongo. Seva nyingi zimewekewa vizuizi visivyojibu ping ilhali zinahudumia maelfu ya watu, na kinyume chake, seva inaweza kuijibu ping vizuri huku programu iliyo ndani yake imekufa tangu asubuhi. Kwa hiyo ping itumike pale inapostahili, kwanza kwa ruta ya hapo ofisini, kisha kwa anwani ya mbali inayojulikana kujibu, kama 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Zaidi ya hapo, muulize mwenye jibu.

Mwenye jibu mara nyingi ni curl, amri inayojaribu kufungua tovuti yenyewe, na ningemshauri kila afisa TEHAMA wa halmashauri akariri namba nne za makosa yake kabla ya kukariri kingine chochote. Namba 6 inasema jina la tovuti halikupatikana, kwa hiyo chunguza DNS, yaani seva ya majina. Namba 60 inasema cheti cha usalama hakikuthibitishwa. Kabla ya kumlaumu mwenye tovuti, endesha date, maana kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huamka ikidhani ni mwaka mwingine, na vyeti vyote vya dunia huonekana kwake kama havijaanza kutumika. Zinabaki 7 na 28, ambazo watu huzichukulia kuwa ni kitu kimoja. Namba 28 ni kimya: pakiti ilitumwa, muda ukapita, hakuna aliyesema neno. Namba 7, ikiambatana na maelezo kwamba muunganisho umekataliwa, kwa kweli ni habari njema, kwa sababu aliyekukatalia amekujibu, na ili akujibu ilibidi pakiti ifike na jibu lirudi. Waya mzima, anwani nzima, njia nzima. Kilichobaki ni huduma kwenye seva ile haijawashwa, au kuna kizuizi kinachokataa kwa makusudi. Fundi anayepata jibu hilo kisha akaanza kubadilisha nyaya anafuta ushahidi wa wazi uliotolewa na mashine yenyewe.

Umuhimu wa kutenganisha maswali ulionekana nchi nzima tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo, aliyeko Kibaha akipima ruta yake ataikuta nzima, na kilichohifadhiwa ndani ya nchi bado kinaweza kufunguka, kwa sababu watoa huduma wetu hubadilishana mawasiliano ya ndani pale Dar es Salaam kwenye kituo cha TIX bila kuyapeleka ng'ambo. Ila anwani kuishia na .tz si uthibitisho kwamba tovuti inakaa Tanzania; nyingine zinakaa kwenye seva za Ulaya au Marekani. Tena kompyuta iliyopangiwa kuuliza majina kwa seva ya DNS ya ng'ambo huweza kushindwa kufungua hata tovuti iliyo jirani. Amri ya dig inakuruhusu kuuliza jina lilelile kwa seva mbili tofauti na kulinganisha majibu. Na si kila kimya ni cha kebo: intaneti ilipokatwa nchi nzima tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, hakukuwa na amri ya kuirudisha. Uwezo wa mtu mezani uliishia kwenye kujua kwamba hitilafu haiko kwake, na asiiharibu mipangilio yake akiitafuta.

Kisarawe huleta tatizo la namna nyingine. Ukitoka mjini kuelekea Maneromango au Mzenga, wengi hutegemea mnara wa simu, na ishara ya redio haikatiki kama waya; hudhoofika. Ping moja hapo haina maana, kwani pakiti ya kwanza inaweza kurudi kwa milisekunde 50, inayofuata 900, na ya tatu isirudi. Inayofaa ni mtr, ambayo hurudia kipimo mfululizo na kuonyesha kila ruta pakiti inayopitia. Lakini hapa hata wataalamu huteleza. Wakiona ruta ya nne imeandikiwa upotevu wa asilimia 60, hushangilia kwamba wamempata mhalifu, bila kuangalia kwamba ruta ya tisa, ambako safari inaishia, ina sifuri. Ruta ya nne haipotezi chochote; imejiwekea kikomo cha kujibu maswali kuhusu yenyewe, na inapitisha mizigo ya wengine kama kawaida. Upotevu wa kweli huanzia mahali fulani na kuendelea hadi mwisho. Ukianzia kwenye hatua ya kwanza baada ya modemu yako, shida huenda ni redio kati yako na mnara, na kuhamisha modemu kutoka chini ya meza hadi dirishani kunaweza kusaidia kuliko kubadilisha kampuni.

Kuna atakayesema haya yote ni kujitesa: zima ruta, hesabu hadi kumi, washa. Mara nyingi inafanya kazi, na sina ugomvi nayo. Ila kuzima na kuwasha hufuta hali iliyokuwepo, na hitilafu inayopona bila kueleweka itarudi. Fikiria ofisi au chuo ambacho ruta yake ina anwani 100 za kugawa, kila moja ikishikiliwa kwa saa 24. Watu 60 wenye simu na kompyuta, wanaoingia na kutoka, wanazimaliza kabla ya saa nne asubuhi, na wanaochelewa wanakosa ingawa wa kwanza wameshaondoka. Mtu anazima ruta. Kwa ruta nyingi za bei nafuu orodha ya waliogawiwa inafutika, wote wanaanza upya, na ruta inasifiwa kwamba "ilihitaji kupumzika". Kesho yake ni yaleyale, hadi ruta mpya inanunuliwa kwa pesa za bure, wakati kupunguza muda wa kushikilia anwani kuwa saa moja kungetosha. Andika kwanza matokeo ya ip addr na ip route, ndipo uzime.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Linux ni ya wachache. Mtu wa kawaida ana simu. Ni kweli, lakini simu hiyo ikiwa ni Android, kiini chake ni Linux, na ruta nyingi za kona za ofisi zetu zinaendeshwa nayo pia. Mwenye simu hahitaji amri hizi, anahitaji kujua tu kwamba WhatsApp kufunguka si ushahidi kwamba intaneti ipo, kwa kuwa kuna vifurushi vinavyoruhusu mitandao ya kijamii pekee. Wanaozihitaji ni wale wanaolipwa kwa kazi hiyo. Wengine wanadai kwamba hata ukijua hitilafu iko kwa mtoa huduma, hatakusikiliza. Hilo linategemea unampelekea nini. Ukimpelekea "mtandao hakuna", atakuambia uzime uwashe. Ukimwambia kwamba tangu saa tatu asubuhi ruta yako inajibu kwa milisekunde moja, hatua inayofuata haijibu, na jirani mwenye mtandao wa kampuni nyingine anapata tovuti ileile, hana pa kukurudisha. Na asiposhughulika, maelezo hayohayo ndiyo utakayopeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini.

Hitilafu sumbufu kuliko zote ni ile inayokuja na kuondoka, kwa sababu fundi akifika haipo. Kwa hiyo inawekewa mtego. Kwenye Linux, amri ya ping -D huandika muda mbele ya kila jibu, na ikielekezwa kwenye faili inaweza kuachwa usiku kucha, moja ikipima ruta ya ndani na nyingine ikipima anwani ya mbali. Asubuhi linganisha mapengo ya mafaili hayo mawili. Yakitokea pamoja, tafuta ndani ya jengo, kwa kuanzia na umeme wa swichi. Ruta ikijibu usiku mzima huku anwani ya mbali ikikatika saa nane na kurudi saa kumi, uliza kama umeme ulikatika upande wa mnara saa chache kabla, kwani betri za mnara nazo zina mwisho.