Dawa ya mseto na kitabu cha tabibu wa Kichina

Vidonge vya mseto anavyopewa mgonjwa wa malaria hapa Msata vina asili ya kale. Katika karne ya 4 Miladia, tabibu wa Kichina Ge Hong aliandika kuwa mwenye homa za vipindi aloweke konzi ya majani ya qinghao katika maji, ayakamue, anywe. Hakutaja kuchemsha, kama tufanyavyo sisi na mwarobaini. Jambo hilo dogo ndilo lililomzindua Bibi Tu Youyou huko Beijing mwaka 1971: akaitoa dawa kwa joto dogo, nayo ikaua vimelea. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Tanzania ilianza kutumia mseto mwishoni mwa 2006, SP ilipozidiwa. Mtu mzima humeza vidonge 4 kwa mara moja, mara 6 ndani ya siku 3. Mara ya pili ni baada ya saa 8. Ameze na maziwa au chakula chenye mafuta, ndipo dawa iingie vizuri mwilini. Wapo wanaoacha homa ikishuka, vilivyobaki wakamwekea mtoto. Hapo baba hajapona, na mtoto atapewa dozi isiyo yake.